Shahada ya Kusimamia Vicheko

Si zamani wala si kale, ni juzi tu, na nchi yenyewe kwenye ramani ipo, ila jina lake sitalitaja kwa sababu bado nakaa humo na sina pengine pa kwenda. Mimi ni mshereheshaji. Kazini huitwa MC Tulizana, nyumbani huitwa Mwinyikai. Harusi, mazishi ya wakubwa, uzinduzi wa visima, uzinduzi wa mifuniko ya visima, kote huko ile sauti inayosema "itifaki imezingatiwa" ni yangu. Kwa hiyo msinitilie shaka. Mtu aliyewaombea viongozi makofi maisha yake yote hawezi kuwasema vibaya. Mimi nasimulia yaliyotokea, basi.

Katika nchi yetu, kitu kisichozinduliwa hakipo. Watoto hufundishwa hilo mapema. Daraja la Mto Kware lilikamilika kabla ya masika, lakini mgeni rasmi alipatwa na udhuru, kwa hiyo watu wakaendelea kuvuka kwa kuogelea, na daraja liko juu ya vichwa vyao limefungwa utepe. Walizama watu. Mgeni rasmi alipopata nafasi alikuja, akawapa pole wafiwa, akawapongeza waliobaki kwa uvumilivu wao. Nami nikasema, "Makofi tafadhali."

Sasa mtaani kwetu Chumvini kuna kiwanja. Hakijazinduliwa, kwa hiyo kiserikali ni hewa tupu. Kila Jumamosi alasiri wanawake wazima, wengine na wajukuu wao, hujifunga khanga viunoni wakacheza rede. Wawili wanarusha mpira kutoka huku na huku, wa katikati anaukwepa na wakati huohuo anajaza mchanga kwenye chupa. Akiijaza bila kupigwa, ameshinda. Hiyo ni rede ya popote, lakini ya Chumvini ina nyongeza yake. Kwetu aliyejaza chupa sharti aizindue. Anaweka mkono mmoja nyuma, anatanguliza tumbo, anaizunguka chupa polepole akiitazama kama aliyeijenga yeye, anakata utepe ambao haupo, anageuka kutafuta kamera, kisha anasimama kusubiri makofi. Sijasema anamwigiza mtu. Nasema anatembea. Na katika kutembea huko hajatokea wa kumfikia dada yangu, Bi Mashavu, muuza vitumbua. Yeye akiizindua chupa watu hushika mbavu, na wenye pumu huombwa wasogee mbali.

Basi Jumamosi moja msafara wa Mtukufu ukapita kando ya kiwanja. Vioo vya gari lake havipitishi risasi, lakini kumbe vicheko vinapita. Mtukufu akauliza, "Wanacheka nini?"

"Amani iliyopo, Mtukufu," akajibu Waziri wa Ulinzi.

"Amani ipo tangu mwaka juzi. Wanacheka nini leo?"

"Mvua, Mtukufu," akadakia Waziri wa Kilimo.

Mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka. Waziri wa Kilimo alifutwa kazi kabla gari halijafika kwenye taa, akashuka hapo hapo, akarudi nyumbani kwa bodaboda. Waliobaki garini wakatazama viatu vyao, mpaka mshauri mmoja mwenye akili akapata la kusema.

"Mtukufu, tatizo ni la kitaalamu. Nchi ina wataalamu wa mbolea, wa mifupa, hata wa nyota. Wa vicheko hatuna hata mmoja."

*

Hivyo ndivyo Chuo Kikuu chetu kilivyopata Shahada ya Utawala wa Burudani. Niliiongoza hafla ya uzinduzi mimi mwenyewe. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Tindwa, aliyekuwa ameteuliwa wiki hiyo kuwa Waziri wa Furaha na Utaratibu, na hotuba yake ilinitoa machozi, ingawa kwa sehemu ni kwa sababu nilikuwa nimesimama juani.

"Ndugu wananchi," alisema, "furaha tunayo. Wazee wetu walituachia. Lakini ni furaha ya kiholela! Mtu anacheka asubuhi, anacheka jioni, hana mpango, hana takwimu, hana msimamizi. Je, taifa makini linaweza kwenda hivyo?"

"Haliwezi!" tukajibu.

"Kuanzia leo mwananchi atafurahi kitaalamu!"

Nikasema makofi tafadhali, nao wakapiga. Siku hiyohiyo ikatangazwa na sheria ya kwenda pamoja na shahada. Kucheka ni ruksa, ilisema, kosa ni kumcheka kiongozi. Mzee Shomvi, fundi baiskeli wa mtaani kwetu, alikuwa mtu wa kwanza kunufaika nayo. Kiti cha Mheshimiwa kilivunjika wakati anaketi, na Mzee Shomvi, Mungu amsamehe, akaguna. Walimchukua. Tumeambiwa huko aliko anaendelea vizuri, na mkewe ameshauriwa asijisumbue kwenda kuthibitisha.

*

Dada yangu ana mtoto mmoja tu, Siwatu. Ni binti mpole, mwenye akili, na tangu utoto alitaka uuguzi. Akajaza uuguzi mara zote tatu alizopewa nafasi ya kuchagua. Kompyuta ya chuo ikamtafakari, ikampa burudani.

Hakuna aliyewahi kutoka Chumvini akafika chuo kikuu, kwa hiyo hatukulalamika. Usikatae wito, kataa maneno. Dada akaanza kuamka mapema zaidi na kukaanga vitumbua viwili kila pale alipokuwa akikaanga kimoja. Moshi ulimharibu macho, na magoti yakaanza kulia kila akiinuka kutoka kwenye kibao cha mbuzi. Nilipomwambia apumzike alinicheka.

"Siku Siwatu akivaa joho, mimi na moto basi," alisema. "Atapata ofisi yenye feni, nami nitakaa nimenyoosha miguu nikipepewa kwa mbali."

Lakini mtaa una midomo. Jirani yake, Bi Hidaya, alimkuta kwenye karai siku moja akataka kujua.

"Mashavu, mwanao anasomea nini huko?"

"Burudani."

"Burudani ndiyo nini?"

"Michezo, mapumziko, mambo ya watu kujistarehesha."

"Kha! Mbona wangu amelala humo ndani tangu jana na hajapewa cheti?"

"Wako analala ovyo," dada akamjibu akigeuza kitumbua. "Wangu anasomea."

Na kusomea kweli alisomea. Mkuu wa kitivo alikuwa Profesa Lwambano, bingwa wa udongo, aliyehamishiwa burudani kwa sababu ndiye msomi pekee ambaye hajawahi kuonekana akicheka, kwa hiyo hakuwa na upendeleo. Somo la Kukaa Kivulini lilifundishwa kwa nadharia muhula mzima. Vitendo viliahirishwa, maana miti ya chuo ilikuwa imekatwa kupisha jengo la Kitivo cha Burudani. Bembea zilizoletwa na wafadhili ziliwekwa stoo zikiwa na nailoni zake, ili wanafunzi wajifunze kutunza bembea. Aliyekutwa akicheza mpira alisimamishwa masomo. "Mmewahi kumwona mkaguzi wa pombe amelewa?" aliuliza Profesa, na wanafunzi wakanakili.

Siku moja Siwatu alinyoosha mkono darasani.

"Samahani Profesa. Na mtu akicheka mwenyewe tu, bila kuandaliwa na mtu?"

"Akicheka kwa kibali cha nani?"

"Cha nani sijui. Amecheka tu."

"Hiyo si burudani," akasema Profesa Lwambano. "Hilo ni tukio. Matukio wanashughulikia polisi."

*

Mwisho wa masomo ukaja mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alipangiwa eneo lake, aandae burudani ya umma mbele ya mgeni rasmi, watu wacheke, halafu ajibu lile swali ambalo nchi nzima ilikuwa inalisubiria majibu: Wanacheka nini? Akilijibu, amefaulu. Na kicheko kikishapata maelezo ya kitaalamu, wachekaji wake hupakiwa kwenye mabasi mpaka Ikulu, wakirudie mbele ya Mtukufu, ajionee kwa macho yake.

Wa kwanza alikuwa kijana anaitwa Erasto, mwenye suti. Alipangiwa soko la mboga. Akawafundisha wauza nyanya kucheka kila akipuliza filimbi, na kunyamaza akipuliza tena. Mheshimiwa Tindwa akaja, filimbi ikalia, wauza nyanya wakacheka.

"Wanacheka nini?"

"Filimbi, Mheshimiwa."

"Safi sana! Jibu fupi, la kisayansi."

Wauza nyanya wakapelekwa Ikulu, wakacheka, wakanyamaza, wakarudi na fulana. Erasto akapata daraja la kwanza. Baada ya hapo mwanafunzi mwenye busara alinunua filimbi.

Siwatu akapangiwa Chumvini. Haikuwa bahati mbaya. Mtukufu alikuwa hajakisahau kicheko kile.

Siwatu alikuja kwangu jioni ileile, hata kiatu hakuvua.

"Mjomba, wamenipa kiwanja chetu."

"Hongera. Nami nimepewa kusherehesha."

"Wataniuliza wanacheka nini."

"Utajibu kitaalamu."

"Kitaalamu ni mama!" akasema. "Nikijibu chochote, watambeba mama mpaka Ikulu akarudie ule mwendo mbele ya Mtukufu mwenyewe. Unafikiri Mtukufu hatajua anayetembewa ni nani?"

Nilimwambia asiseme kwa sauti. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuridhisha pande zote, nikampa ushauri uliokwisha kuthibitishwa.

"Nunua filimbi."

*

Siku ya mtihani kiwanja kilipendeza. Yalisimamishwa mahema ya kumkinga mgeni rasmi na jua, mahema ya kuwakinga waliokuja na mgeni rasmi, na hema la maji ya mgeni rasmi, hata nafasi ya kuchezea ikabaki ya kutosha kutandika jamvi. Viti vikafungwa vitambaa vya dhahabu. Watu wa Chumvini walisimama nyuma ya kamba. Walikuwa wamefundishwa vizuri. Filimbi ikilia, cheka. Ikilia tena, nyamaza. Chupa na mchanga leo marufuku. Dada alikuwa amevaa gauni la sikukuu na alimwambia kila aliyemkaribia kwamba yule binti mwenye filimbi shingoni ametoka kwenye tumbo lake.

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Nikawatangazia kwamba yuko njiani. Adhuhuri nikawatangazia kwamba yuko njiani na anawasalimu. Jua likawa la kukaangia. Watoto wakalala chini ya viti, wakaamshwa maana viti ni vya wageni. Mwishowe wanawake wakachoka kusimama bure, Bi Hidaya akatoa mpira mfukoni, na kwenye lile jamvi la mchanga wakaanza kurushiana. Mmoja akacheka kidogo.

Profesa Lwambano akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Siwatu! Wanafurahi kabla ya mgeni rasmi! Wazuie, au mtihani wako umeishia hapa."

Siwatu akawaendea. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mama, naomba muache."

"Tunapasha miguu moto tu, mwanangu."

"Furaha bado haijazinduliwa, mama."

Dada alimtazama mwanawe. Nimemjua Mashavu tangu tunagombania ukoko, na najua uso wake ukitaka kutukana unavyokaa. Lakini hakutukana. Aliukamata mpira ukiwa hewani, akaufutika kwenye khanga.

"Jamani, tusimame," akawaambia wenzake. "Mtoto yuko kwenye mtihani."

Wakasimama, wanawake wazima, kwenye jua lile, kimya. Niliona uchungu, na nikatangaza kwamba mgeni rasmi yuko njiani.

Alifika alasiri imekwisha kuinama. Nikazingatia itifaki. Niliwatambulisha aliokuja nao, na wasaidizi wao, na wale waliotuma udhuru, na wawakilishi wa waliotuma udhuru. Kisha Mheshimiwa Tindwa akahutubia kuhusu umuhimu wa kutumia muda vizuri. Alipomaliza aliweka mkono mmoja nyuma, akatanguliza tumbo, akauzunguka polepole mlingoti wa bendera uliofungwa utepe, akiutazama kama aliyeujenga yeye, akakata utepe, akageuka kutafuta kamera, akasimama kusubiri makofi.

"Natangaza kwamba furaha ya Chumvini sasa imezinduliwa rasmi!"

Siwatu akapuliza filimbi.

Kimya. Mtoto mmoja akakohoa. Akapuliza tena, kwa nguvu. Bwana mmoja wa nyuma alijitahidi, akafungua kinywa, ikatoka miayo. Si kwamba waligoma, jamani. Walikuwa na kiu, na tangu asubuhi walikuwa wamekiweka kicheko tayari mpaka kikawachachia. Profesa alishaanza kutikisa kichwa, na Siwatu alikuwa amesimama peke yake katikati ya mahema, filimbi mdomoni, machozi yakimlengalenga.

Mama gani atavumilia? Dada akavuka kamba. Akajifunga khanga juu ya lile gauni la sikukuu.

"Hidaya, njoo urushe. Chupa iko wapi?"

"Mama, usi—" alianza Siwatu, lakini chupa ilikwisha kutolewa kwenye khanga ya mtu, na mpira ulikwisha kuruka.

Kwenye jamvi lile la mchanga, na magoti yale, Bi Mashavu alikwepa mpira kama msichana. Chupa ikajaa. Nilimwomba Mungu asahau nyongeza. Hakusahau. Tena siku zote alikuwa akitembea kwa kukumbuka, na leo kielelezo kilikuwa kimekaa mbele yake kwenye kiti chenye kitambaa cha dhahabu. Akaweka mkono nyuma. Akatanguliza tumbo. Akakohoa kile kikohozi cha wageni rasmi. Akakata utepe ambao haupo, akaitafuta kamera, akasimama. Halafu, kwa sauti nene, akaiambia chupa, "Nawapongeza kwa uvumilivu wenu."

Chumvini ikapasuka. Watu walichekeana mabegani, walikaa chini, walilia. Askari mmoja alifunika uso kwa kofia na kofia ikawa inatikisika. Hata midomo ya Profesa Lwambano ilijisahau. Na aliyecheka kuwashinda wote, akijipiga mapaja, alikuwa Mheshimiwa Tindwa. Hajawahi kujiona akitembea. Kuna methali inayomhusu nyani inayofaa sana hapa, ila siitaji.

"Hiki ndicho!" alisema akijifuta macho. "Hiki ndicho Mtukufu alichokisikia! Binti, hongera. Sasa swali la taifa." Akanyoosha kidole kwa kamera ili zisogee. "Wanacheka nini?"

Nikampelekea Siwatu kipaza sauti. Shahada ilikuwa hapo, umbali wa neno moja. Angesema mpira, amefaulu. Angesema chupa, amefaulu. Hata angesema amani, kwa furaha aliyokuwa nayo Mheshimiwa siku ile, angefaulu. Na lolote ambalo angelisema, lile basi la Ikulu lilikuwa limeegeshwa pale nyuma ya mahema, tayari kumbeba mama yake. Kila mtu Chumvini alijua kwamba Siwatu anajua. Alijifunza ule mwendo akiwa bado anabebwa mgongoni.

"Sijui, Mheshimiwa," akasema.

Vicheko vikakatika.

"Hujui? Umesoma mpaka umemaliza, hujui?"

"Sijui."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa mbele ya mgeni rasmi katika nchi yetu. Mheshimiwa akamgeukia Profesa. "Profesa, wewe je?" Profesa Lwambano aliitazama chupa, akamtazama Mheshimiwa kuanzia tumboni mpaka kwenye viatu, na nikaona kabisa kwamba usomi wake wote ulikuwa unamwambia jibu.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo, "utafiti zaidi unahitajika."

"MC, wewe ni mwenyeji!"

"Itifaki imezingatiwa, Mheshimiwa. Mimi pia sijui."

"Hakuna hata mmoja anayejua?" akafoka.

Mkono ukanyooshwa. Wa dada yangu. Alikuwa bado na mchanga mpaka kwenye viwiko, na alikuwa akimtazama mwanawe, si Mheshimiwa.

"Mimi najua," alisema. "Mtoto huyu anajua, ila ananificha mimi. Mpeni shahada yake. Mimi nitasema wanacheka nini."

Kamera zikageuka. Siwatu akatikisa kichwa, mama yake akafungua kinywa. Mimi sina ushujaa, jamani, msije mkanifikiria vingine. Nina kipaza sauti tu, na mambo machache niliyojifunza kazini.

"Mabibi na mabwana," nikanguruma, "kutokana na ufinyu wa muda, naomba wote tusimame kwa wimbo wa taifa!"

Mnajua sheria zetu. Wakati wa wimbo wa taifa hata ndege akitaka kuruka hufikiria mara mbili. Mheshimiwa akajikaza, askari wakapiga saluti, na nikauomba mtambo upige beti zote, hata ule wa mazao ambao hupigwa tu Mtukufu akitimiza mwaka mwingine. Dada alisimama hivyo hivyo, mkono juu, kinywa wazi, machozi yakimiminika. Magazeti ya kesho yake yalimsifu kwa uzalendo. Na wimbo ukiisha, kiitifaki, mgeni rasmi huondoka. Akaondoka.

*

Siwatu alifeli. Dada hakunisemesha kwa muda mrefu, na mwanawe alimsemesha kupita kiasi. Nilikuwepo nikijifanya nafunga kamba za viatu.

"Kwa nini hukusema unalolijua? Ningekwenda huko jela na karai langu. Wewe ungevaa joho!"

"Nilivae nikuletee chakula gerezani?"

"Ndiyo! Ningekuona umelivaa!"

Wakalia wote wawili, kila mmoja na upande wake wa ukuta.

Wenzake wakavishwa majoho katika hafla niliyoiongoza. Erasto sasa ni Mkurugenzi wa Vicheko, ana gari na filimbi ya fedha, na wilaya yake inaongoza kitaifa kwa furaha. Wasio na imani wanaweza kwenda kusikiliza, hucheka kila siku saa za kazi. Kuhusu Chumvini, serikali iliamua kwamba kicheko kisichojulikana chanzo chake hakiwezi kupelekwa Ikulu wala kushtakiwa, maana hata hati ya mashtaka ingebidi iseme wanacheka nini, na mwendesha mashtaka aliomba asipewe kazi ya kuandika hivyo. Kwa hiyo rede inachezwa kama kawaida.

Ila Chuo Kikuu kina huruma. Siwatu ameambiwa mlango uko wazi. Hahitaji kusoma tena wala kuandaa chochote. Kila mwaka, siku ya mitihani, aende akae kwenye chumba na Profesa Lwambano na bwana mmoja asiyejitambulisha, ajibu swali moja kwa neno moja, joho apewe palepale na ofisi yenye feni inamsubiri. Nami nasema ukweli, huruma hiyo inanitisha kuliko Mzee Shomvi alivyochukuliwa. Maana Siwatu siku hizi anakaanga vitumbua. Nimemwona akifuta macho kwa moshi uleule uliomwumiza mama yake, na nimeona anavyowatazama wauguzi wakipita na sare zao asubuhi. Roho inaniuma, na sina utani wa kuweka hapo.

Lakini kila mwaka huenda. Huvaa vizuri, hukaa kwenye kile kiti, huulizwa, husema, "Sijui," hushukuru, hurudi nyumbani kwa miguu.

Mwaka wa kwanza alipoingia na kusema amefeli, dada alijifungia ndani akalia mpaka majirani wakaja kugonga. Mwaka uliofuata hakulia; alimkorogea uji wa pilipili manga akakaa kumtazama akinywa. Mwaka huu, Siwatu alipokunja kona ya kwetu, alikuta mtaa mzima umekaa kwenye mikeka na harufu ya bizari imefika barabarani. Dada alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya kuazima, mwiko mkononi, moshi umemjaa usoni.

"Wamekuuliza?"

"Wameniuliza, mama."

"Ukasemaje?"

"Nimefeli."

Bi Mashavu akafunua sufuria ya pilau, akapakua sahani ya kwanza, ile yenye nyama ya mfupa anayopewa bwana harusi, akampa mwanawe kwa mikono miwili mbele ya watu wote.